Kuhara kwa ghafla kwa watu wazima
Kuhara kwa ghafla ni maradhi ambayo kwayo mtu huenda choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku, kwa muda usiopindukia siku 14; nayo aghalabu hupoa yenyewe, illa hatari yake ni maji na chumvi zinazomtoka mgonjwa. Basi tiba ya kwanza ni kinywaji: katika lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, na mchanganyiko ukizidi machozi kwa ukali wa chumvi, umwagwe. Mgonjwa hunywa funda kwa funda; akitapika, husubiri dakika 10 akarejea. Sukari haikutiwa kwa ladha, bali ndiyo inayoipitisha chumvi utumboni, na maji yakafuata. Mwaka 1971 tabibu Dilip Mahalanabis aliwanywesha dawa ya namna hii wakimbizi wenye kipindupindu kule Bangaon, India, vifo vikapungua mno. Dawa za kufunga tumbo, ambazo watu huzikimbilia, hazimfai mwenye homa kali au choo cha damu. Huyo, na aliyekaukiwa mkojo, apelekwe hospitali bila ajizi. Chakula asinyimwe.