Nani Mwenyeji wa Nyumba ya Kale?

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi iliyomshangaza. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Akishaikabidhi kwa mfanyabiashara mmoja, hutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye humuuzia na kumnunulia. Ukinunua mali ya mgeni huyo kwa bei ya kumpunja, au ukamuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo hubatilika. Aliyeuzoea mji ndiye aliyeweza kufikia atakako.

Kwa hiyo kitanda hakikuwa na bei, lakini hakikuwa bure. Mwenyeji alikula kwenye faida, na akimdhamini mgeni kwa jina lake.

Desturi hiyo Waamu waliijenga ndani ya kuta. Nyumba nyingi kubwa za mawe za mji wa Lamu ni za karne ya 18, na ukisimama mlangoni utaona zilivyopangwa: daka la kuongea na wapita njia, kiwanda, yaani ua wa wazi unaoingiza hewa, kisha vyumba virefu vyembamba kimoja nyuma ya kingine, vya ndani kabisa vikiwa vya wanawake, vyenye zidaka za kuwekea vyombo vya kauri. Mgeni hakufikishwa huko. Alipewa sabule, chumba chake pembeni, ili mfanyabiashara aliyesubiri pepo za kusi zimrudishe kwao akae miezi bila kugongana na watoto wa mwenye nyumba. Na wembamba wa vyumba, ambao wageni wa leo huulalamikia, umetokana na boriti za mikoko: nguzo hizo hazifiki mbali, na ukizilaza juu ya ukuta chumba hakiwezi kuzidi mita 3 hivi.

Ila ukarimu huu haukuishia ufukweni. Kule bara, Vitengeni hakuna mtaa wa kale wa matumbawe na chokaa, lakini iko katika nchi ya Wagiriama, na nchi hiyo ndiyo iliyolisha biashara ya Takaungu na Malindi kwa pembe za ndovu na nafaka. Mwislamu wa pwani aliyetaka kufanya biashara bara alichanjiana na Mgiriama, wakawa ndugu wa damu. Akifika, alilala katika mudzi, yaani boma, la nduguye. Nduguye akiteremka pwani, naye alikuwa na pa kufikia. Wote wawili walikuwa wenyeji, wote wawili wageni. Vitabu vya watalii huiruka sehemu hii.

Sehemu nyingine hurukwa kwa makusudi. Sultani Majid wa Zanzibar alipoufufua mji wa Malindi mwaka 1861, mashamba ya mtama na ufuta yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Waliotoroka walikimbilia bara, wakajenga vijiji vyao, Fuladoyo kikiwa kimojawapo kinachokumbukwa zaidi, na baadhi yao wakapokewa na Wagiriama. Mtoro hakuja na bidhaa ya kumgawia mwenyeji.

Hoteli za kizungu zilikuja baadaye sana, na mwanzoni hazikuutaka mji wa kale hata kidogo. Lawford's ya Malindi ilifunguliwa mwaka 1934, mwaka ambao Ernest Hemingway alikuja huko kuvua samaki. Ilitazama bahari na kuupa mji mgongo. Ndege za Italia ziliidondoshea Malindi mabomu mwaka 1940. Miaka zaidi ya 20 baadaye Waitalia hao hao walirudi na kambi ya San Marco huko Ngomeni, wakarusha satelaiti kutoka baharini mwaka 1967, na wengi wakapenda wakakaa. Historia ya pwani hii ina vituko vyake.

Mwaka huo huo wa 1967, hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela, kisiwani Lamu. Wakafuata vijana wa Ulaya wenye nywele ndefu na mifuko ya mgongoni, kisha wenye fedha waliotaka kununua. Mji wa Lamu ulipotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba yenye zidaka ilikuwa mali ya kuwaniwa. Nyumba ya warithi kumi haitengenezeki kwa urahisi: mmoja yuko Mombasa, mwingine Muscat, na kila mmoja anasubiri mwenziwe atoe fedha za chokaa. Akija mnunuzi, fundi hupata kazi, boriti mpya hulazwa, na sabule huwekwa kitanda cha nguzo nne chenye chandarua cheupe. Mimi si miongoni mwa wanaolia kwamba ni heri zingebomoka. Paa lililotengenezwa ni bora kuliko gofu.

Lakini mwenyeji ni nani? Mwenye hati anaweza kuwa Milano. Anayejua kwamba mgeni hanywi chai ya maziwa, anayemwamsha alfajiri awahi mashua, ni kijana aliyetoka kwao bara, pengine Vitengeni, akaja pwani kutafuta kazi ya hoteli. Huyo hali kwenye faida kama mwenyeji wa Mogadishu alivyokula. Ana mshahara wa msimu na bakshishi. Hasara ndiyo humfikia upesi. Mtalii wa Kiingereza alipouawa Kiwayu Septemba 2011, na Mfaransa akatekwa Manda mwezi uliofuata, wageni walikatisha safari zao, na waliopunguzwa kazi ndio waliopanda basi kurudi kwao.

Kijana huyo amefundishwa kueleza zidaka ni nini na daka lilikuwa la kazi gani, na huyaeleza vizuri. Kuhusu mudzi ambamo mfanyabiashara wa pwani alilazwa na nduguye wa kuchanjiana, hakuna aliyemwandikia maelezo, ingawa habari hiyo ni ya babu zake.