Kwa nini marubani hawasahau mgomo?

Marubani wawili wanaingia kwenye chumba cha mbele cha ndege. Wana safari ya saa tano angani. Wanasomeana orodha ya ukaguzi, wanawasha injini, wanaruka. Baada ya hapo ni kimya. Hakuna habari za nyumbani, hakuna mzaha, hakuna anayemuuliza mwenzake kama anataka kahawa. Ugomvi wao haukuanza siku hiyo. Ulianza miaka ishirini iliyopita, pale mmoja aliposimama getini na bango la mgomo, na mwingine akapita mbele yake kwenda kurusha ndege.

Hali kama hiyo ilijulikana sana katika mashirika ya ndege ya Marekani baada ya migomo ya miaka ya 1980. Makala hii inaeleza kwa nini chuki ya mgomo hudumu kwa marubani kuliko kwa wafanyakazi wengi, na ni jambo gani linaloweza kuipunguza. Ukiwa mwalimu, mchuma chai au kibarua wa shamba la miwa, utaona kuwa baadhi ya haya yanakuhusu pia.

Kwanza uielewe foleni

Fikiria foleni ya ndoo kisimani. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuchota. Ukiondoka kwenda kisima kingine, huendi na nafasi yako. Kule unaanza mwisho wa foleni, hata kama umechota maji miaka thelathini.

Kazi ya urubani katika mashirika makubwa ya Marekani inaendeshwa hivyohivyo. Siku unapoajiriwa unapewa namba kwenye orodha ya ukongwe kazini. Namba hiyo ndiyo huamua utarusha ndege gani, utakaa kiti cha kapteni au cha msaidizi, utakuwa na familia sikukuu au utakuwa angani, na nani atapunguzwa kwanza biashara ikiwa mbaya. Ujuzi wako hauipandishi namba. Inapanda tu wale walio mbele yako wanapostaafu au kuondoka.

Ukihamia shirika jingine unakwenda na ujuzi wako lakini namba unaiacha. Kapteni mwenye mvi huanza upya kama msaidizi, kwa mshahara wa mgeni. Kwa hiyo marubani wengi hukaa shirika moja mpaka wanapostaafu, na ugomvi wa kazini unabaki nao. Anayegombana na mwenzake leo atakutana naye kesho, mwakani, na miaka ishirini ijayo.

Ukishaielewa foleni hii, utaelewa pia uchungu wa mgomo. Aliyegoma anaweka rehani namba yake, yaani maisha yake yote ya kazi. Anayevunja mgomo anaweza kukalia kiti ambacho mwenzake amekiacha kwa ajili ya wote.

Continental, 1983

Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege. Mashirika mapya yenye nauli nafuu yakaingia sokoni, na yale ya zamani yakaanza kutafuta pa kubana matumizi. Mishahara ikawa ya kwanza kutazamwa.

Shirika la Continental lilikuwa chini ya mfanyabiashara Frank Lorenzo. Agosti 1983 mafundi wake waligoma. Marubani wengi hawakuwaunga mkono. Walipita mbele ya mafundi waliosimama na mabango, wakaendelea kurusha ndege.

Wiki chache baadaye zamu yao ikafika. Tarehe 24 Septemba 1983 Continental iliomba ulinzi wa mahakama chini ya sheria ya kufilisika. Haikuwa imeishiwa fedha kabisa, lakini sheria ya wakati huo iliipa nafasi ya kuitupa mikataba ya hali bora iliyokwisha kusainiwa. Wafanyakazi takribani 12,000 walisimamishwa. Takribani 4,000 wakaitwa kurudi, wengi wao kwa mshahara uliokatwa karibu nusu na kwa saa nyingi zaidi. Siku tatu baadaye ndege zilianza tena kuruka, zikihudumia miji 25 ya ndani ya nchi badala ya 78.

Tarehe 1 Oktoba marubani waligoma. Mgomo ulidumu miaka miwili, hadi mwishoni mwa Oktoba 1985. Katika muda huo shirika liliendelea kufanya kazi, kwa kutumia marubani waliorudi mmoja mmoja na wapya walioajiriwa kutoka nje. Mgomo ulipofungwa mahakamani, waliogoma walikuwa na njia tatu: kusubiri kuitwa kazini, kuchukua malipo ya kuondoka, au kuendelea na madai yao kila mtu kivyake. Waliorudi walikuta vijana walioajiriwa wakati wa mgomo wamekaa kwenye viti vya kapteni, na wao wakakaa pembeni kama wasaidizi.

Kelele za vyama vya wafanyakazi zilizaa tunda moja. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilibadilisha sheria ya kufilisika, ili mwajiri asiweze kuutupa mkataba wa hali bora bila kwanza kujadiliana na chama na kupata ruhusa ya mahakama.

United, 1985

Shirika la United lilikuwa na mpango mwingine. Marubani waliokuwepo wasingekatwa mishahara. Wangeumia wale ambao bado hawajaajiriwa. Hao wangelipwa kwa kiwango cha chini kwa kazi ileile, kwenye ndege ileile.

Angalia ujanja wa mpango huo. Anayepiga kura leo hapotezi kitu, na atakayepoteza hayupo chumbani kupiga kura. Hata hivyo marubani wa United waliona kuwa shirika lenye mishahara miwili litakuja kuwa na makundi mawili, na siku moja kundi moja litatumika kulipiga jingine. Wakagoma tarehe 17 Mei 1985.

Shirika lilikuwa limeandaa vijana zaidi ya 500 waliokuwa mafunzoni, likitegemea kwamba wangeingia kazini siku ya mgomo. Vijana hao hawakuwa na namba kwenye foleni wala kinga yoyote, na kazi waliyoiota tangu utotoni ilikuwa mbele yao. Karibu wote walikataa kuingia. Waliwaunga mkono wakubwa waliogoma kwa ajili yao.

Suala la mishahara lilikaribia kumalizika mapema. Kilichorefusha mgomo ni swali la kurudi kazini: je, vijana wale watapokelewa? Na waliovunja mgomo watawekwa wapi kwenye orodha? Mgomo ulimalizika baada ya siku 29, lakini suala la vijana lilikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliwapa haki, wakaajiriwa.

Ndani ya chama cha marubani, vijana wale waliheshimiwa tangu siku hiyo. Na wale waliovuka mstari wa waliogoma, majina yao yaliandikwa.

Orodha ya majina

Mtu anayefanya kazi wakati wenzake wamegoma, kwa Kiswahili tunamwita mvunja mgomo. Wazungumzaji wa Kiingereza wana neno kali zaidi, linalomaanisha kigaga cha kidonda. Baada ya migomo ya Continental, United na ile ya Eastern ya mwaka 1989, marubani walitunza orodha za majina ya wavunja mgomo. Wengine walitembea nazo kwenye mkoba wa kazi.

Adhabu haikuwa ngumi. Ilikuwa kutengwa. Mvunja mgomo hakusalimiwa na hakukaribishwa mezani. Katika chumba cha mbele cha ndege kuna kiti cha ziada, na kwa desturi rubani wa shirika jingine anaweza kukitumia kusafiri bure, kapteni akikubali. Mvunja mgomo aliombea safari hiyo mara nyingi na kujibiwa hapana.

Mwaka 2010 United na Continental ziliungana. Watu waliogoma, waliovunja mgomo, na waliokuwa wanafunzi wakati huo wakatakiwa kupangwa kwenye foleni moja. Ilikuwa imepita miaka 25 tangu mgomo wa United. Orodha ya pamoja ilipatikana mwaka 2013 tu, baada ya wasuluhishi kuamua.

Wavunja mgomo nao wana lao

Si haki kusikiliza upande mmoja. Wapo waliovunja mgomo kwa tamaa ya kiti cha kapteni. Lakini wapo waliokuwa na mkopo wa nyumba na watoto shuleni, na baada ya miezi kumi bila mshahara wakashindwa. Wapo waliokuwa marubani wa ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani, wakaona nafasi ambayo wasingeipata tena. Na wapo walioamini kwa dhati kwamba viongozi wa chama wamekosea.

Pia tusiwasahau mafundi wa Continental. Walipogoma Agosti 1983, marubani wengi waliwapita getini. Walioumizwa Oktoba walikuwa wamewaumiza wengine miezi miwili tu kabla. Orodha za majina hazikuandika jambo hilo.

Australia: marubani waliohama nchi

Agosti 1989 marubani wa mashirika ya ndani ya Australia walidai nyongeza ya mshahara ya karibu asilimia 30. Serikali ya Waziri Mkuu Bob Hawke, ambaye mwenyewe aliwahi kuongoza muungano wa vyama vya wafanyakazi, ilikataa. Ilileta ndege za jeshi kubeba abiria na kuruhusu marubani wa kigeni. Mashirika yalipoanza hatua za kisheria, marubani zaidi ya 1,600 walijiuzulu kwa pamoja.

Wengi hawakurudishwa kamwe. Walikwenda kutafuta kazi nje ya nchi, wakianza tena mwisho wa foleni. Vijana wapya na waliorudi mapema wakachukua nafasi. Katika familia nyingi za marubani wa Australia, mwaka 1989 bado unatajwa kama mwaka wa msiba.

Je, abiria yuko hatarini?

Ni swali la haki, kwa sababu ndege inahitaji watu wanaosemezana. Tarehe 28 Desemba 1978 ndege ya United ilianguka karibu na Portland baada ya kuishiwa mafuta, na watu 10 wakafa. Kapteni alishughulika na hitilafu ya magurudumu, na wenzake hawakumwonya kwa nguvu ya kutosha kwamba mafuta yanakwisha. Kutokana na ajali hiyo, mafunzo ya kusemezana na kusikilizana ndani ya ndege yalianzishwa na kuenea duniani.

Ajali hiyo haikuhusu mgomo. Lakini inaonyesha kwa nini marubani wenye kinyongo waliweka mpaka: maneno ya kazi yanasemwa yote, bila kupunguza hata moja, na mengine yote yanaachwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1981 inataka hivyohivyo kwa sababu nyingine. Ndege ikiwa chini ya futi 10,000, mazungumzo yasiyo ya kazi hayaruhusiwi. Waliochukiana waliiendeleza sheria hiyo mpaka futi 35,000.

Nairobi, Novemba 2022

Karibu na kwetu, marubani wa Kenya Airways waligoma tarehe 5 Novemba 2022. Walidai, pamoja na mengine, kurejeshwa kwa michango ya mfuko wao wa akiba ya uzeeni iliyositishwa wakati wa janga la Uviko. Abiria wengi walikwama. Baada ya siku chache mahakama ya kazi iliamuru marubani warudi kazini kufikia saa 12 asubuhi ya tarehe 9. Amri hiyo ilikuwa na sehemu ya pili: mwajiri aliambiwa awapokee bila kuwanyanyasa na bila kuwaadhibu, na pande zote zikaendelee na mazungumzo.

Madai hayakumalizika siku hiyo. Lakini watu walirudi pamoja, siku moja, kwenye viti vyao.

Kinachoacha kovu

Ukilinganisha migomo hii, utaona kuwa urefu wake peke yake hauelezi chuki. Mgomo wa United ulikuwa wa siku 29 tu, na majina yaliandikwa. Kinachoamua zaidi ni namna watu wanavyorudi. Wakirudi pamoja, kila mtu kwenye nafasi yake, hasira ina pa kupoa. Wakirudi mmoja mmoja, na aliyetangulia akapewa kiti cha mwenzake, kila siku ya kazi inafukua kaburi.

Kwa hiyo, chama chochote kinapojadili mgomo, iwe cha marubani au cha wachuma chai, maswali haya yaulizwe mkutanoni kabla ya kura kupigwa:

- Siku ya kurudi, tutarudi wote kwa pamoja?
- Nafasi na miaka yetu ya kazi italindwa kwa maandishi?
- Mwenye mgonjwa nyumbani atasaidiwa na nani ili asilazimike kuvunja mgomo?
- Wenzetu wa idara nyingine walipogoma, sisi tulisimama wapi?

Marekani, kapteni alitakiwa kustaafu akiwa na miaka 60, na tangu Desemba 2007 akiwa na miaka 65. Aliyegoma mwaka 1983 akiwa na miaka 30 aliweza kuendelea kurusha ndege mpaka mwaka 2018. Kwa miaka 35 alikuwa akiangalia ratiba ya mwezi kabla ya kuondoka nyumbani, aone amepangiwa safari na nani.