Kutoka Chumba hadi Uzi: Historia ya Istilahi za Mgawanyiko wa Seli

Istilahi za sayansi huzaliwa pamoja na nadharia, na mara nyingi huendelea kuishi baada ya nadharia hizo kukataliwa. Makala haya yanadai kuwa historia ya dhana ya seli ni ushahidi wa jambo hilo, na kwamba ina funzo kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili.

Mwaka 1665, Robert Hooke wa Uingereza alieleza katika kitabu chake, Micrographia, alichokiona kwa hadubini katika gamba la mti linalotengenezewa vizibo. Vilikuwa vishimo vilivyopangana kama sega la nyuki, naye akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, cella, yaani chumba kidogo. Gamba hilo lilikuwa limekufa. Zilizobaki ni kuta. Jina likashika kuta hizo, ilhali chumba hakikui wala hakizai.

Matthias Schleiden (1838) na Theodor Schwann (1839) walitangaza kuwa mimea na wanyama hujengwa kwa seli. Hata hivyo, walidhani seli mpya hujiunda ndani ya ute, mfano wa chumvi inavyoganda majini. Ni Robert Remak wa Berlin, baada ya kuchunguza viinitete vya kuku na mayai ya chura, aliyebainisha mwaka 1852 kuwa seli hutokana na seli nyingine iliyogawanyika. Rudolf Virchow aliieneza hoja hiyo kuanzia mwaka 1855, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Remak, Myahudi aliyekataa kubadili dini, hakupewa kamwe uprofesa kamili.

Mwaka 1882, Walther Flemming alichapisha uchunguzi wake wa seli za salamanda wachanga zilizotiwa rangi. Alionyesha nyuzi za ndani ya kiini zikipasuka kwa urefu, kisha nusu zake zikielekea pande mbili. Mchakato huo aliuita mitosisi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Leo inafahamika kuwa seli kwa kawaida hukua na kunakili nyuzi hizo kwanza, ndipo igawanyike.

Kiswahili kimerithi chumba cha Hooke. Mwanafunzi hulisikia neno “seli” katika habari za mahabusu kabla ya kulikuta katika somo la biolojia. Istilahi “chembehai” hutaja uhai, lakini chembe ni kipande kidogo tu, haidokezi kukua. “Kiini” limefaulu zaidi, kwa kuwa msemaji tayari analijua katika yai na katika mbegu.

Haidaiwi hapa kwamba “seli” liachwe, kwani limekwisha kuota mizizi. Kinachohitajika ni kamusi za istilahi kueleza chimbuko la neno sambamba na maana yake ya sasa, ili mwanafunzi asikariri mgawanyiko wa seli huku akilini mwake kuna chumba chenye kuta nne.