Kifo cha Killmonger

Tangu sinema ya Black Panther ilipotolewa Februari 2018, watazamaji hawajaacha kubishana juu ya kifo cha Killmonger, adui wa mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni iliyoipita dunia kwa sayansi. Katika katuni za 1973 hadi 1975 mtoto alimsukuma maporomokoni, basi. Ryan Coogler, mwongozaji wa sinema, alimpa hiari na neno la mwisho. Mfalme ataka kumtibu. Yeye akataa, aomba kuzikwa baharini pamoja na wahenga wake waliojitosa kutoka merikebuni, wakiona kifo ni bora kuliko minyororo.

Wako wamwitao shujaa. Wako walalamikao ya kwamba msema kweli ndiye aliyeuawa. Lakini wachache huuliza: wahenga gani? Babaye ni mtu wa Wakanda, ambako hakuna aliyetiwa merikebuni. Basi ni wa upande wa mamaye, Mmarekani. Nao waliomzalia mama huyo ni wale ambao hawakujitosa.

Mtazamaji wa Busi, huko Kondoa, yu mbali na Atlantiki, ila si mbali na jambo lenyewe. Njia ya misafara kutoka Tabora ilikata Ugogo, ikapita Mpwapwa hadi Bagamoyo: majuma mengi kwa miguu, bila bahari ya kujitosa. Wengine walitoroka, wengine walifia njiani, wengine waliishi wakazaa. Na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922.