Ukuta Mweupe na Kochi la Kijivu

Mgeni akaribishwapo nyumbani, kitu cha kwanza apewacho ni kiti. Siku hizi kiti chenyewe aghalabu ni kochi, na katika miji yetu makochi mengi yameacha maua na rangi kali, yakawa ya kijivu, ya kahawia au ya rangi ya mchanga. Wauzaji wa samani hutushauri kwamba kochi la rangi tulivu liwe msingi wa chumba, kisha mito, zulia na mapazia ndivyo vitie uhai. Ushauri huu huletwa kwetu kana kwamba ni hekima mpya iliyotoka ng'ambo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kanuni hiyo ni kongwe katika pwani ya Waswahili, ila tu zamani ilitumika ukutani.

Tuanzie Lamu, katika majumba ya mawe yaliyojengwa katika karne ya 18. Kuta zake ni za matumbawe, zikapakwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, chumba nacho hakikuweza kuwa kipana. Kwa kawaida upana wake ni kama mita 3 au pungufu. Kwa sababu hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, vikapangwa kimoja nyuma ya kingine. Kutoka kiwandani mtu huingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Mwanga uliingia kutoka kiwandani, ukazidi kufifia kadiri mtu alivyozidi kuingia. Weupe wa chokaa ndio uliousukuma mwanga huo mchache hadi vyumba vya nyuma.

Katika weupe huo zikachongwa zidaka. (Walimu wamwambie mwanafunzi kwamba zidaka ni wingi wa kidaka kwa Kiamu, lahaja ambayo hutumia zi- pale ambapo Kiswahili sanifu hutumia vi-.) Hivi ni vijishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, vikazungukwa na nakshi za lipu, hata ukuta mzima ukaonekana kama una kina kisicho chake. Ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, zenye buluu, kijani na nyekundu. Ukuta wenyewe ulinyamaza ili sahani zipate kusema. Wengine waliamini pia kwamba sahani hulikinga jicho baya, kwamba heri ipasuke sahani kuliko kudhurika mtu. Chini palitandikwa mikeka na mabusati, na mgeni wa heshima alipewa kiti cha enzi, kiti kirefu cha mti mweusi kilichopambwa kwa pembe au mfupa na kusukwa kwa kamba.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi na kuomboleza majumba ya Pate yaliyokuwa magofu, alitaja madaka yaliyokuwa ya sahani, ambamo sasa walilala makinda ya ndege. Katika picha zote za maanguko zilizomo katika utenzi huo, mimi naiona hiyo kuwa kali kuliko zote. Msikilizaji wa zama zile hakuhitaji kuelezwa thamani ya kilichopotea.

Hata hivyo tusiusifu weupe huo kwa macho mafumba. Nyumba ya mawe ilikuwa alama ya uungwana, na katika jamii ile watumwa ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi nzito. Watu wengi wa pwani waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, ambazo rangi yake ilikuwa ile ya ardhi iliyozizaa. Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi picha ya zidaka bila ya kuwaambia jambo hili huwa amefundisha nusu ya somo.

Huko Unguja mambo yalikuwa karibu sawa, ila kwa utajiri zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alieleza vyumba vya utoto wake katika kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Anataja kuta nene nyeupe zenye matundu marefu, rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, vyombo vya kioo na vya kauri. Katikati ya matundu palisimamishwa vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya, na saa zilipendwa mno. Picha za viumbe hazikutundikwa kwa sababu ya dini. Basi vitu vya Ulaya vilikuwa vimeshaingia, lakini viliingia kwa masharti ya mwenye nyumba.

Kochi ndilo lililoubadilisha mpango huo. Neno sofa asili yake ni suffa ya Kiarabu, yaani ukumbi au benchi iliyoinuliwa. Wasomaji Waislamu watawakumbuka Ahlu Suffa wa msikiti wa Madina. Neno hilo lilipita kwa Waturuki, likaenda Ulaya, ndipo likaturudia na samani yake. Kochi nalo tumelipata kwa Waingereza. Sasa tupige hesabu kidogo. Kochi la watu watatu lina kina cha karibu mita 1. Liweke katika msana wenye upana wa mita 3, nalo litameza theluthi ya chumba na kuziba safu za chini za ukuta. Tena aliyeketi mkekani huinua macho kutazama zidaka, hali aliyeketi kochini huzitazama chai na meza. Pambo likalazimika kushuka.

Bara, historia ilishika njia nyingine. Mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, Wabelgiji walikuwa na nyumba ya mafunzo ya wanawake tangu mwaka 1946 hadi 1960. Humo masista na wafanyakazi wa ustawi walifundisha kushona, kupika, kupiga pasi na kutunza nyumba kwa namna ya Kizungu. Katika Kenya chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, nacho kilifundisha kazi za nyumbani. Nia ya watawala ilikuwa kumfanya mwanamke awe mke wa nyumba ya Kizungu. Lakini sindano ikishatiwa mkononi haimtii tena aliyeitoa. Katika Afrika Mashariki nzima wanawake wamefuma vitambaa vya makochi: vya mgongoni, vya mikononi, vya meza, na hata vya redio. Fundi seremala alitoa kiti cha mbao na mito ya rangi ya udongo, mwenye nyumba akakivika nyuzi nyeupe zenye maua. Weupe uliokuwa ukutani ukahamia kitini, na safari hii mwenye kuutengeneza alikuwa mwenye kuumiliki.

Kuhusu istilahi, nimewasikia wanaoziita rangi hizi tulivu "rangi zisizofungamana na upande wowote". Hayo ni maneno ya mkutano wa mataifa, hayafai sebuleni. Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya asili ya kuelezea rangi, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi zimeitwa kwa vitu. Kijivu ni jivu la jikoni, na kahawia ni kahawa ya barazani. Sebule nayo inafanana na sabla ya Waomani, yaani ukumbi wa kukutania wanaume. Wenzetu waliosoma Kifaransa husema saloni, neno ambalo likivuka mpaka kwenda mashariki humfikisha mgeni kwa msusi.

Katika miongo ya karibuni baadhi ya majumba ya kale ya Lamu yamenunuliwa na wageni, wengi wao kutoka Ulaya. Wamezipaka kuta chokaa upya, wameondoa makochi makubwa, na wameketi chini juu ya magodoro meupe, kauri chache zikiwa katika zidaka. Picha za vyumba hivyo huchapishwa katika majarida ya mapambo ya huko kwao. Kisha majarida hayo huletwa mijini kwetu, na fundi hupewa ukurasa uliokatwa aige.