Dakika 67

Oktoba 1860, John Hanning Speke na James Grant waliondoka Bagamoyo. Novemba 1861 wakafika Bweranyange, kwa Rumanyika, Omukama wa Karagwe. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita zipatazo 1,000. Iliwachukua zaidi ya miezi 13.

Mchana Speke alikadiria umbali kwa saa ya mfukoni na mwendo wa wapagazi. Usiku alipima kimo cha nyota, akapata latitudo. Longitudo ilimsumbua zaidi, kwani ilidai ajue saa ya mahali pengine kwa wakati uleule.

Leo mwanafunzi wa kidato cha nne pale Nyakahanga hufundishwa hesabu za dunia kama tufe. Kanuni yake ni fupi: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.852. Karibu na ikweta, dakika ya longitudo nayo ina takribani urefu huohuo.

Tuchukue viwanja viwili. Bukoba upo kwenye dakika 20 kusini ya digrii 1, na digrii 31 dakika 49 mashariki. Mwanza upo digrii 2 dakika 27 kusini, na digrii 32 dakika 56 mashariki. Toa: tofauti ni dakika 67 kusini na dakika 67 mashariki. Kwa Pythagoras, tunapata maili 95 za bahari, kama kilomita 175. Ndege ya kilomita 500 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 21.

Ila ndege haianzi safari ikiwa na mwendo huo. Hutembea uwanjani, hupanda, hupunguza mwendo, husubiri zamu. Na kuna hali ya hewa ya ziwa, isiyoandikwa kwenye swali la mtihani. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walifariki. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waokoaji wa kwanza.

Halafu Nyakahanga si Bukoba. Mgonjwa anayepewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, akitaka ndege lazima kwanza asafiri zaidi ya kilomita 100 za barabara kupitia Kyaka, ingawa Bukoba iko kama kilomita 80 tu kwa mstari ulionyooka. Kabla ya kufika uwanjani ameshatumia muda mwingi kuliko atakaoutumia angani.

Karagwe ililijua jambo hili zamani. Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Buganda, Grant akabaki kwa Rumanyika akiuguza mguu. Umbali wa kwenda Buganda ulikuwa uleule kwa wote wawili. Grant aliondoka Aprili, akiwa amebebwa kwenye machela.