Wazimu wa Ukoo: Kutoka Mathari hadi Eldoret

Huku kwetu Singida ukisikia "fulani kapelekwa Mirembe" huna haja ya kuuliza amefuata nini Dodoma. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, wakati wa Mwingereza, na jina lake limekwisha kuwa tusi la watoto wakigombana njiani. Lakini liko neno zito kuliko tusi hilo, nalo watu wazima hulisema kwa sauti ya chini: "Yule? Kwao wanao." Maana yake wazimu umo ndani ya ukoo, na unarithiwa kama mbuzi na shamba.

Nataka kueleza jinsi neno hilo lilivyoingia katika sayansi ya Afrika Mashariki, jinsi lilivyotumika kutudhalilisha, na jinsi daktari mmoja Mkenya, Profesa Lukoye Atwoli, alivyolishika kwa mkono mwingine.

Tuanzie Nairobi. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Katika miaka ya 1930 daktari wake, H. L. Gordon, alishikilia kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa nao. Mwaka 1933 yeye na wenzake wakaunda chama cha kuchunguza namna ya "kuboresha mbari" nchini Kenya. Mwaka uliofuata mwenzao F. W. Vint akachapisha vipimo vya bongo za maiti za Waafrika, akidai ni ndogo kuliko za Wazungu. Akaja J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, naye alianza kazi hiyo bila mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa ubongo wa mbele. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamtolea kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Na mwaka 1954, watu walipokuwa wakifa msituni kwa ajili ya ardhi, Serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, naye akatafuta chanzo ndani ya nafsi ya Mkikuyu.

Wala wazo hilo halikuwa la Nairobi peke yake. Mwaka huo huo wa 1933 Wajerumani walitunga sheria ya kuwahasi watu waliodhaniwa kuwa na magonjwa ya kurithi, skizofrenia ikiwemo. Kufikia Agosti 1941 wagonjwa zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi. Kwa hiyo mtu akisema "inarithiwa", tusidhani ni maneno matupu. Maneno hayo yamewahi kuua.

Hata yasipoua, yanaharibu. Baba yangu mdogo alianza kuugua akiwa na miaka ishirini na kidogo. Alikuwa fundi baiskeli hodari, akaanza kusikia sauti, akaacha spana zake mezani na kwenda zake. Baadaye dada yangu alichumbiwa. Mshenga alikuja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, ya tatu hakuonekana. Hatukuletewa barua wala ujumbe. Habari tuliipata kisimani kwamba wazee wa upande wa pili wameulizia ukoo wetu. Mama alikuwa amekwisha kununua kitenge. Dada hakulia mbele yetu. Aliniuliza swali moja tu, kwa sababu mimi ndiye mwenye kupenda vitabu: "Na mimi nitaugua?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Atwoli.

Atwoli ni daktari wa magonjwa ya akili aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na baadaye akawa mkuu wa Chuo cha Tiba cha Aga Khan, Nairobi. Hakuanzia kwenye urithi. Shahada yake ya udaktari wa falsafa aliipata Chuo Kikuu cha Cape Town, na kazi yake ilikuwa juu ya majeraha ya nafsi. Mwaka 2013 alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa mikasa iliyowapata watu wa Afrika Kusini na alama ilizoacha akilini mwao. Mwaka 2014 wakachapisha mwingine juu ya yatima wa magharibi mwa Kenya. Naona jambo hili ni kubwa: mtu aliyekuja kutafuta jeni alikuwa ameanza kwa kuuliza watu wamepatwa na nini.

Baada ya hapo akawa kiongozi wa kituo cha Eldoret katika mradi uitwao NeuroGAP-Psychosis, ulioshirikisha Marekani, Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Wenzake walikuwa Dickens Akena wa Makerere, Charles Newton wa Kilifi, Solomon Teferra wa Addis Ababa na Dan Stein wa Cape Town. Mpango wao, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuwa kukusanya mate ya wagonjwa 17,000 wenye skizofrenia au baipola, na ya watu wengine 17,000 wasio na maradhi hayo, ili kulinganisha vinasaba vyao.

Kwa nini Afrika? Kwa sababu safari hii kosa lilikuwa kinyume cha lile la Gordon: tulikuwa tumesahauliwa. Mwaka 2019 ilihesabiwa kwamba katika tafiti kubwa za vinasaba duniani, watu 79 katika kila 100 walikuwa wa asili ya Ulaya, na hali wao ni kama 16 tu katika kila 100 duniani. Vipimo vya hatari ya ugonjwa vilivyotokana na vinasaba hivyo vikiletwa kwa Mwafrika hupoteza usahihi mara nne na nusu. Tena Afrika ndiyo yenye vinasaba vya aina nyingi kuliko bara lolote. Wahadzabe tunaoishi nao mkoani humu, huko Mkalama, ni ushahidi mmojawapo.

Lakini kilichonigusa zaidi ni jambo dogo. Katika mradi huo, kabla mtu hajatoa mate alielezwa kwa lugha aliyoijua, Kiswahili kikiwemo, kisha aliulizwa maswali ili ionekane kama ameelewa. Asipoelewa, alielezwa tena. Mgonjwa wa akili aliulizwa kama anakubali! Katika vitabu vya Mathari sioni mahali pa swali kama hilo.

Basi, inarithiwa au hairithiwi? Jibu ni kwamba kuna urithi, ila si ule wa kisimani. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, wenye wagonjwa 76,755, ulionyesha sehemu 287 za vinasaba zinazohusika na skizofrenia, na kila moja ina nguvu kidogo tu. Kila mmoja wetu anabeba baadhi yake, na wale waliokataa kitenge cha mama pia wanazibeba. Pacha wa kufanana mmoja akiugua, mwenzake huugua kwa kadiri ya nusu tu. Mtoto wa mgonjwa, nafasi yake ni kama moja katika kumi. Kwa mtoto wa ndugu ni kama tatu katika mia, na mtu yeyote ni kama moja katika mia. Dada nilimjibu hivyo hivyo, kwa hesabu.

Na Carothers naye amejibiwa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa 909 na wazima 917. Kumbe mabadiliko adimu yaliyowazidi wagonjwa yaligusa jeni za pale seli za ubongo zinapopeana habari, sawa na ilivyokuwa imeonekana Sweden. Ubongo ni ule ule.

Tanzania haikuwemo katika nchi nne za Afrika za mradi ule. Huenda siku moja watafiti wakafika Mirembe au Itigi na vichupa vyao vya mate. Sipendi tuwakimbie kwa ajili ya Gordon, wala tuwapigie vigelegele kwa ajili ya Atwoli. Vinasaba vya mradi ule vilisomwa Marekani, na kusaini karatasi hakutoshi. Tuwaulize mate yanakwenda wapi, jibu litarudi kwa nani, na ikipatikana dawa itafika Mkalama lini. Sayansi ya urithi ilipokuja mara ya kwanza ilitukuta kimya. Isitukute hivyo mara ya pili.